Nyumba Yenye Magurudumu

Mwaka mmoja, wakati wa likizo ya mwezi wa Agosti, nilikwenda Marsabit pamoja na wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu. Siku ya tatu tulishika njia ya kwenda Maikona, katika nchi ile ya mawe meusi ambayo mtu huiona mbele yake saa nzima kabla ya kuifikia. Huko tulikuta kando ya njia gari kubwa jeupe limeinamia ubavu mmoja, mithili ya ngamia aliyekataa kuinuka. Tulipokaribia tuliona kwamba halikuwa gari tu, lilikuwa nyumba. Ndani yake mlikuwa na kitanda, jiko, friji, bafu na kabati la vitabu. Wenyewe walikuwa mume na mke, watu wazima kutoka Ulaya, nao walitukaribisha kwa chai kana kwamba tumewazuru kwao.

Chai ilikuwa njema. Lakini chini ya sakafu ile iliyotandikwa zulia, springi ya nyuma ilikuwa imekatika vipande viwili, na gurudumu lilikuwa likisuguana na boma la gari. Mume alinieleza kwamba alitumia mwaka mzima kuitengeneza nyumba yake kabla ya kuanza safari. Alitia mabomba mapya, taa mpya, betri kubwa mbili, na rafu za mbao nzito alizozipiga randa kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwuliza juu ya springi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema zilikuwa zile zile zilizokuja na gari kutoka kiwandani.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za nyumba za namna hii kila nilipozipata, na nimeona kwamba kosa la mzee yule ni la zamani. Lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Watu wa kila kizazi wameanza kuipamba sebule, ndipo baadaye, tena kwa kulazimishwa na njia, wakakumbuka kuchungulia chini ya sakafu.

Waroma, watu wa kuhamahama wa Ulaya, walikuwa wakiishi katika magari ya farasi kwa ajili ya kazi zao. Lakini mtu aliyeifanya nyumba ya magurudumu kuwa chombo cha matembezi alikuwa daktari mmoja wa Scotland, jina lake William Gordon Stables. Katika ujana wake Stables alikuwa tabibu katika jeshi la majini la Uingereza, na alisafiri katika manowari iliyowinda majahazi ya watumwa karibu na pwani ya Msumbiji. Alipoacha bahari aliandika vitabu vingi vya hadithi kwa vijana. Mwaka 1885 aliwaagiza mafundi wa mji wa Bristol wamjengee gari la kuishi, akaliita “Wanderer”, maana yake mzururaji. Lilikuwa na urefu wa karibu meta tano na nusu, limejengwa kwa mbao za thamani za mkangazi, na kila mtu aliyeliona alilistaajabia. Mwaka ule ule alisafiri nalo kutoka Twyford, kusini mwa Uingereza, mpaka Inverness kaskazini ya Scotland, safari ya zaidi ya kilometa elfu moja. Na mwaka 1886 akatoa kitabu cha habari zake.

Watu husoma kitabu kile kwa ajili ya mandhari na mbwa wake mkubwa. Mimi nilikisoma nikiwatazama farasi. Gari lile, pamoja na vyote vilivyokuwamo, lilikaribia uzito wa tani mbili, nalo lilivutwa na farasi wawili tu. Magurudumu ya siku zile yalikuwa ya mti yaliyovishwa pete ya chuma, na springi zilikuwa mabamba ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine. Kila jiwe la njiani lilipanda kutoka katika pete ile ya chuma hata katika vikombe vya kabatini. Kwenye mteremko, magari mazito ya wakati ule yalifungiwa kiatu cha chuma chini ya gurudumu ili liburuzwe badala ya kuzunguka, kwa maana farasi peke yao wasingeweza kuuzuia uzito uliowasukuma kwa nyuma. Na mbele ya “Wanderer” alikwenda mtumishi wa Stables, Foley, amepanda baiskeli ya magurudumu matatu, akiiangalia njia na kuwatahadharisha watu. Bwana alikaa juu, akatazama vilima na kuandika. Safari yake ilikuwa laini kwa kadiri ambayo farasi wawili na watumishi wake walivyoweza kuilainisha.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo vitabu vya safari hulipita kwa haraka: raha ile ya ndani ilikuwa ikilipwa na nani?

Jawabu la kwanza limo katika mpira. Mwaka 1845 Robert William Thomson, naye mtu wa Scotland, aliandikisha serikalini wazo la gurudumu lililojazwa hewa, lakini hapakuwa na wa kulitumia, likasahauliwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, alilivumbua upya kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, Édouard na André Michelin, walitia matairi ya hewa katika motokaa na kuingia katika mashindano ya kutoka Paris mpaka Bordeaux na kurudi. Walipata pancha nyingi mno, wakachelewa. Lakini walifika, na watu waliona kwamba gari linaweza kuelea juu ya hewa. Hapana uvumbuzi mwingine uliolainisha safari kama huo. Pete ya chuma hulipiga jiwe, na jiwe hulirudishia gari pigo lile; tairi la hewa hulimeza jiwe dogo, likabonyea, likapita, na mwenye nyumba asisikie kitu.

Lakini mpira ule ulitoka wapi? Mwaka ule ule wa 1885, “Wanderer” ilipokuwa ikipanda vilima vya Scotland, mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitambuliwa na madola ya Ulaya kuwa mwenye kuitawala nchi ya Kongo. Haja ya matairi ilipoongezeka katika miaka ya 1890, watu wa vijiji vya Kongo walilazimishwa kuingia msituni kugema mpira wa mitambaa kwa kipimo kilichowekwa. Kijiji kilichopunguza kipimo kiliadhibiwa: wake walishikwa rehani, watu waliuawa, na mikono ilikatwa. Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, alipiga picha za mambo hayo. Na mwaka 1904 Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, aliandika taarifa iliyoufikisha ukweli kwa dunia. Mwaka 1908 Leopold alinyang’anywa nchi ile, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Sisemi kwamba kila aliyepanda gari lenye matairi alijua habari hizi. Nasema kwamba mwanafunzi wa historia atakaposoma jinsi safari za Ulaya zilivyokuwa laini ghafula katika miaka michache, hana budi kusoma kurasa hizo mbili pamoja.

Jawabu la pili twalipata katika bara letu wenyewe. Tarehe 23 Septemba 1924, Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella, pamoja na wenzao, waliondoka Cape Town kwa magari mawili ya Crossley ili wawe wa kwanza kuendesha motokaa mpaka Cairo. Walifika tarehe 24 Januari 1926, baada ya miezi kumi na sita. Hawa hawakuwa na nyumba ya magurudumu. Walilala katika mahema, na magari yao yalichaguliwa kwa sababu yalikuwa mepesi. Katika jambo hilo walikuwa na akili kuliko Stables. Hata hivyo mvua za Rhodesia ziliwachelewesha kwa miezi, na katika Sudan walikuta vinamasi na mito isiyo na daraja. Huko magari hayakwenda kwa injini. Yalikwenda kwa kamba, na mwisho wa kila kamba palikuwa na watu wa nchi ile, wamezama matopeni, wakivuta. Vitabu husema kwamba Court Treatt aliendesha gari kutoka Cape mpaka Cairo. Majina ya waliovuta sikuyaona.

Sasa tuje kwa Mmarekani mmoja ambaye, kwa maoni yangu, ndiye mwalimu mkubwa wa somo hili, kwa sababu alikosea mara nyingi na hakuona haya kurekebisha. Wally Byam alizaliwa mwaka 1896 katika jimbo la Oregon. Alipokuwa mvulana alichunga kondoo, akaishi katika kigari kilichovutwa na punda, chenye jiko dogo la mafuta ya taa, ndoo ya maji na matandiko. Katika miaka ya 1920 alitaka kusafiri na mkewe. Mkewe hakupenda kulala chini. Basi Byam akasimamisha hema juu ya boma la Ford. Mvua ilipoanza kunyesha hema halikuwafaa kitu. Akajenga nyumba ya mbao. Kutoka hapo akafika mwaka 1936 kwenye nyumba ya aluminiamu iliyopigiliwa ribiti kama mwili wa ndege, baada ya kuipata njia hiyo katika kazi ya Hawley Bowlus, fundi wa ndege. Akaiita Airstream Clipper. Haikuwa na injini yake. Ilikokotwa na gari jingine. Lakini ilikuwa nyepesi, umbo lake liliupasua upepo, na juu yake mviringo ule mtu hakuweza kupakia masanduku hata angetaka. Nahisi hiyo ndiyo ilikuwa hekima yake kubwa.

Mwaka 1951 Byam aliuongoza msafara wa nyumba 63 za kukokotwa kwenda Mexiko na Amerika ya Kati. Zilizofika Managua, katika nchi ya Nikaragua, zilikuwa 14. Mtu mwingine angeliacha. Yeye aliichukua safari ile kuwa karakana yake: kilichovunjika njiani kilitengenezwa kwa nguvu zaidi kiwandani. Mwaka 1959 alileta nyumba 41 mpaka Cape Town, akaziongoza kuelekea Cairo kupitia Afrika ya Mashariki. Wakenya wengi wa wakati ule waliziona zikipita kwa mstari, ziking’aa kama samaki. Barabara nyingi zilikuwa za udongo, na katika Ethiopia msafara uliingia katika matope na mawe. Magari yalikwama, vyuma vikavunjika, na mafundi wa msafara wakalala chini ya magari wakichomea na kufunga bolti. Mfalme Haile Selassie aliwapokea. Mwaka 1960 walifika Misri, wakazipanga nyumba zao mbele ya mapiramidi ya Giza, na picha hiyo ndiyo watu waikumbukayo. Mimi ningependa kuiona picha ya ekseli zao siku ile.

Byam alikufa mwaka 1962. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 nyumba za kiwanda chake zilikuwa zimeacha springi za mabamba, zikatiwa ekseli ya namna mpya, yenye mipira ndani yake inayojipinda gurudumu linapopanda na kujinyosha linaposhuka, kila gurudumu peke yake. Msomaji aone jinsi mambo yalivyobadilika: tangu gari la Stables hata hapo ilipita miaka zaidi ya sabini, ndipo mjenzi wa nyumba akaanza kujisifia kitu ambacho mgeni aliyekaa sebuleni hawezi kukiona.

Nyumba yenye injini yake yenyewe ilifuata njia hiyo hiyo. Katika Ujerumani, tangu mwaka 1951, kiwanda cha Westfalia kilitia vitanda na kabati katika gari dogo la Volkswagen, lile ambalo Kenya nzima ililijua kwa jina la kombi. Na mwaka 1973 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa gari la GMC ambalo lilibuniwa tangu mwanzo kuwa nyumba. Injini yake iliyavuta magurudumu ya mbele. Basi hapakuwa na mhimili mrefu wa kwenda nyuma chini ya sakafu, na sakafu ikashuka chini karibu na barabara. Nyuma palikuwa na magurudumu mawili kila upande, moja likifuata jingine, na kati yao mfuko wa hewa badala ya springi ya chuma. Mwaka huo huo bei ya mafuta ilipanda duniani, na baada ya mwaka 1978 gari hilo halikuundwa tena. Lakini wako watu wanaoyatunza magari hayo mpaka leo, na wanapozungumza juu yake huanza na magurudumu.

Nimewahi kuulizwa na wanafunzi kwa nini kitu kidogo kama springi kikatike katika gari jipya lenye nguvu. Kiwanda huweka springi kwa kadiri ya mzigo uliokusudiwa. Mwenye nyumba huongeza rafu, betri, sahani, vitabu, na tangi la maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 150 ni sawa na kupakia watu wawili wanene ambao hawashuki kamwe. Tena maji hayatulii. Gari likifunga breki hukimbilia mbele, likikata kona huenda ubavuni. Mama zetu walijua jambo hili kabla ya wahandisi: mwanamke aliyebeba debe la maji kichwani alitia majani mabichi juu yake ili maji yasichezecheze. Mwenye kujenga tangi zuri hutia ndani yake vibao vya kugawanya maji kwa sababu iyo hiyo. Na vitu vizito huwekwa chini, karibu na ekseli, wala si katika kabati za juu wala nyuma kabisa, ambako huligeuza gari kuwa pembea.

Kisha kuna njia zetu za murram zenye mawimbi kama ubao wa kufulia nguo. Gurudumu likipita juu ya mawimbi hayo, springi hupigwa mara nyingi katika kila sekunde. Silinda za mafuta zinazotuliza mrusho wa springi hupata moto, mafuta yakavuja, na tangu hapo springi hucheza bila wa kuizuia mpaka ichoke. Dereva mwenye busara hupunguza upepo wa matairi kidogo anapoingia katika njia kama hiyo, ili tairi lisaidie kumeza mapigo. Lakini hana budi kuwa na pampu, maana akirudi kwenye lami na matairi legevu akaenda mbio, tairi litajikunja na kujinyosha hata lipate moto na kupasuka. Nyumba hizi zina ugonjwa mwingine tena ambao malori hayana: husimama. Lori hufanya kazi kila siku. Nyumba ya matembezi hukaa uani miezi kumi, jua likiyapasua matairi upande mmoja, betri ikifa, grisi ikikauka katika beringi. Mwenyewe hulitazama tairi, akaona meno yake yangali marefu, akaliamini. Tairi huzeeka hata bila ya kutembea.

Siku ile ya Maikona hatukuwa na fundi miongoni mwetu. Kwa bahati lori la kubeba mbuzi lilitokea kaskazini, na taniboi wake, kijana mwembamba aliyevaa kanda mbili, aliingia chini ya nyumba ile bila kuagizwa. Alitoka akamwuliza mzee, “Baba, unataka kwenda na vitabu au unataka kwenda?” Nilimfasiria mzee. Alicheka kwanza, kisha akaanza kushusha vitu. Rafu zile za mbao nzito zilikuwa za kwanza kutoka. Vitabu na betri moja vikapakiwa katika basi letu ili tuvipeleke Marsabit. Maji ya tangini, karibu lita mia na arobaini, tuliwagawia akina mama waliokuwa wamekuja na punda na mitungi, nao walimwombea mzee dua kwa lugha asiyoijua. Taniboi alikata kipande cha bamba la springi kuukuu aliyokuwa nayo katika lori, akakilaza juu ya palipovunjika, akakifunga kwa bolti mbili na mipira ya tyubu iliyochanwa, akaikaza kwa miguu yake yote miwili. Kazi hiyo ilichukua saa tatu. Mzee alimwuliza jina lake akaliandika katika daftari, akamwomba alitaje polepole ili asilikosee.

Tulipoondoka, nyumba ilikuwa ikitambaa nyuma yetu kwa mwendo wa mtu mzima atembeaye. Mke alikuwa ameshuka, amejifunga mtandio kichwani, anakwenda kwa miguu mbele ya gari na kuyaondoa mawe makubwa katika njia kwa mikono yake.